Miaka 24 ya sigara, miezi 14 bila: nyumbani ilinishinda, nikaiachia barabarani

#1 Mwana wa Kitonga

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni dereva wa masafa, Dar–Tunduma–Lubumbashi, mara chache Kolwezi. Nipo Tunduma siku ya pili, foleni haisogei, nikaona badala ya kulala bure niandike kitu ambacho kuna mtu humu aliniomba tangu mwezi wa sita. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Nilianza kuvuta 1999. Nilikuwa na miaka 18, utingo, na dereva wangu alikuwa mzee mmoja ambaye sigara ndiyo ilikuwa saa yake. Usiku akianza kusinzia ananiambia, "Niwashie." Kuwasha maana yake unaiweka mdomoni mwako kwanza, unavuta pafu moja ishike moto, ndipo unampa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Hakuna rafiki mbaya aliyenishawishi. Nilikuwa kiberiti cha mtu.

Kufika 2005 nilikuwa namaliza pakiti kwa siku, safarini napitiliza. Nimejaribu kuacha mara saba ninazozikumbuka. 2006 mtoto wa kwanza alipozaliwa: siku 11. 2012 nilikwenda kuombewa: siku 3. 2020, kipindi kile cha corona, ukikohoa kwenye daladala watu wanakukimbia kama una bunduki, nikaacha kwa hofu mwezi na nusu. Na kila mara nilirudia palepale, ndani ya kabini. Likizo nikiwa Mbagala naweza kukaa wiki mbili sina shida. Nikipanda gari, injini ikinguruma tu, mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Hata kama mfuko mtupu.

Kilichonivunja ni mlima Kitonga, mwezi wa tisa 2023. Lori lilikuwa limelala kwenye kona, barabara imefungwa, juu hakupandiki, chini hakushukiki. Tulikaa saa 11. Sigara ziliniisha mapema. Pale nilipokwama hapakuwa na duka, kulikuwa na mlima na nyani. Usiku nikashuka kama nakwenda kujisaidia, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kutafuta vipisi pembeni ya lami. Nikapata kimoja, kimelowa umande. Nikarudi nacho kwenye gari nikakikausha kwenye tundu la hita. Kipisi cha mtu nisiyemjua, kimetoka mdomo nisioujua. Nikakiwasha.

Utingo wangu, kijana wa miaka 20, alikuwa macho. Hakusema kitu. Aligeukia dirishani akajifanya kalala.

Huyo kijana ndiye aliyekuwa akiniwashia usiku.

Sasa nilichofanya. Safari iliyofuata sikuacha. Nilivuta kama kawaida, ila nilibandika karatasi kwenye dashibodi, kila nikiwasha naandika mahali. Kibaha. Mizani ya Vigwaza. Chalinze baada ya chai. Nikimaliza tu hifadhi ya Mikumi. Ruaha Mbuyuni, utingo akinunua vitunguu. Ilula, kumshukuru Mungu kwamba gari limepanda Kitonga. Mafinga kwa sababu ya baridi. Makambako kwa sababu tumefika Makambako. Tunduma sita kwa sababu ya foleni. Jumla 47 kwa siku mbili.

Nilipoipitia ile karatasi, sigara nilizozitamani kweli, zile ambazo mwili ulikuwa unalia, ni kama tisa. Zilizobaki zilikuwa za mahali. Yaani Chalinze ndiyo iliyokuwa inavuta, mimi nilikuwa mdomo wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini likizo zilinidanganya. Nilikuwa naiacha nyumbani, na nyumbani haikuwa inaishi.

Nikaosha kabini. Sisemi kufuta vumbi. Nilivua mapazia, nikavua makava ya siti, nikasugua dari kwa sabuni ya unga. Maji yaliyotoka yalikuwa chai ya rangi kabisa, ungeweza kutia sukari. Kisahani cha majivu nikakijaza karafuu. Halafu nikahamisha vituo. Chai ya Chalinze nikaipeleka Morogoro, kwa mama mmoja ambaye hajawahi kuniona na sigara, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza "leo vipi?" Ilula nikawa napita bila kusimama. Mizani hukwepi, basi mizani nikaweka mswaki wa mti. Mkono unapata kazi, mdomo unapata kazi. Na utingo nikamwambia mbele ya gari, mchana kweupe: ukiniona na sigara, hela yangu ya chakula ya siku hiyo ni yako. Alikula hela hiyo mara mbili wiki ya kwanza. Ya tatu hakuipata mpaka leo.

Arosto, yaani mwili kuidai sigara, ni ya kweli, wakuu, asiwadanganye mtu. Siku ya tatu nilimgombeza yule kijana karibu tupigane, sababu ni kijiko. Choo kilifunga siku nne. Usingizi unakuja vipande vipande, na ndoto: naota navuta, naamka naona aibu kama nimeiba. Wiki ya tatu nikaanza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta, nikasema sasa ndiyo nakufa. Nimeongezeka kilo saba, wauza karanga na mahindi ya kuchoma ndio waliofaidi.

Pesa: nilikuwa navuta za 5,000 kwa siku, kwa bei ya moja moja. Kila jioni nikawa naituma kwenye simu ya mke wangu bila maelezo. Siku ya kwanza alipiga kuuliza nimefanya kosa gani. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa na milioni 1.3, siku nyingine nilisahau kutuma, siku nyingine nilizila. Zimekuwa bati. Chumba cha nyuma sasa hakivuji.

Maswali karibuni. Mtandao wa hapa unakwenda na kurudi.

#2 Pafu la Mwisho

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, hapo kwenye kipisi umenimaliza. Mimi niliwahi kuokota kwenye ndoo ya mchanga nje ya hospitali, na nilikuwa nimempeleka mama yangu kulazwa. Sijawahi kumwambia mtu. Miaka 16 hii, nimeacha mara nyingi kuliko nilivyobadilisha simu.

#3 Kibatari

Hongera, lakini tusitishane. Babu yangu amevuta tumbaku ya kusokota mpaka 91, kafa kwa kuanguka kwenye muembe. Jirani yetu mlokole, hajagusa kitu, kansa ikamchukua na miaka 44. Kila mtu na siku yake.

#4 Nesi Mkunazi

@Kibatari babu yako tunamjua kwa sababu alifika 91 akasimuliwa. Waliokufa na 55 wakiwa wanavuta naye hawana wajukuu wa kuwaandikia hapa.

Kuna Waingereza wawili, Richard Doll na Bradford Hill, mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza wanavuta au hawavuti, halafu wakawafuatilia. Hawakuishia mwaka mmoja. Hesabu ya miaka 50 ilitoka 2004: wavutaji walikufa mapema kwa wastani wa miaka kama 10. Na jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba kuacha kunarudisha. Aliyeacha akiwa na 60 alirudishiwa kama miaka 3, wa 50 kama 6, wa 40 kama 9, na wa 30 karibu yote. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona majibu ya utafiti wao wa awali, kabla ya huo wa madaktari. Huo ni wastani, haumzuii mtu mmoja kuanguka kwenye muembe.

Mwana wa Kitonga, kwa miaka 42 uliyoacha nayo umo kwenye kundi zuri. Sasa niongezee machache, mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya TB muda.

Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu tangu uvute, chini ya nusu dakika. Ndiyo maana inashika. Na inaondoka haraka: kila baada ya saa mbili hivi, iliyomo kwenye damu inapungua kwa nusu. Mvutaji wa pakiti anaamka asubuhi akiwa amekwisha "kulipa" karibu yote, ndiyo maana sigara ya kwanza ya siku ni tamu kuliko zote. Ubongo umeshazoea, umejiongezea milango ya kupokelea nikotini, na milango hiyo ikikaa wazi bila mgeni ndiyo arosto. Inapanda, kilele siku ya pili na ya tatu, halafu inashuka taratibu wiki tatu nne. Zile zinazokuja baada ya hapo si mwili tena, ni hizo Chalinze zako.

Kikohozi cha wiki ya tatu: kwenye njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia makohozi kwenda juu. Moshi unavilaza. Ukiacha vinaamka na kukuta uchafu wa miaka. LAKINI, nasema kwa herufi kubwa makusudi, kikohozi kikifika wiki mbili usikae unasema "ni mapafu yanajisafisha". Nenda ukapime makohozi. Kuvuta kunaongeza hatari ya TB, nimewapokea wengi waliokaa miezi wakidhani ni sigara. Na ukiona damu usisubiri hata siku moja.

Hii wengi hawaijui: kahawa. Moshi wa sigara unalifanya ini limeng'enye kafeini haraka. Ukiacha, ini linarudi mwendo wake wa kawaida, vikombe vilevile vitatu vinakaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka, moyo unakwenda mbio, halali, anasema "ni arosto", kumbe nusu yake ni kahawa. Punguza kwa nusu wiki za kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia vidonge vya pumu vya aina ya theophylline au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili amwambie daktari kabla ya kuacha, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Wa sukari pia apime mara kwa mara.

Dawa zipo: bandeji za nikotini za kubandika, bigijii za nikotini, na vidonge kama varenicline na bupropion. Shirika la Afya Duniani liliingiza zile za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu 2009, na vidonge 2021. Kuzikuta duka la dawa la mtaani ni bahati, uliza maduka makubwa mjini au hospitali kubwa, na vidonge ni vya kuandikiwa. Bei inaumiza, ila piga hesabu na zile 5,000 kwa siku.

#5 Mwana wa Kitonga

Dada nesi, Mungu akupe maisha marefu. Hiyo ya kahawa imenikaa hapa. Wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa vikombe sita saba usiku nikisema nizibe pengo la sigara. Nilipofika Makambako mikono inacheza kwenye usukani kama mtu wa malaria. Nikamlaumu shetani bure.

Kikohozi nilipima, kituo cha afya hapahapa barabarani. Hakikuwa TB.

#6 Mama Wawili

Samahani naomba niulize, mimi sivuti. Mume wangu anavuta miaka 15. Anasema anavutia barazani kwa hiyo hatudhuru. Mtoto wa pili ana pumu, juzi tumelala hospitali. Nikimsemesha anakasirika anaondoka, na akiondoka anakwenda kuvuta. Nifanyeje?

#7 Mwana wa Kitonga

Dada, pole na mtoto. Nitakuambia la upande wetu. Mke wangu alinisema miaka 15. Kila aliponisema nilihisi nimeonewa, na mvutaji aliyeonewa ana haki ya sigara, ndivyo akili inavyopanga. Usiku wa Kitonga hakuna aliyenisema.

Usimwambie aache. Muulize anavuta wapi na saa ngapi, kama unauliza ratiba ya basi. Akianza kuzihesabu mwenyewe umeshafika mbali.

#8 Nesi Mkunazi

Na mimi niongeze la mtoto, hilo halisubiri baba aelewe. Moshi unaingia na nguo, unaingia na mlango ukifunguliwa. Kwa sasa angalau: asivutie karibu na mlango wala dirisha, akimaliza abadilishe shati na anawe kabla ya kumbeba. Msiposikilizana, mwende naye kliniki ya mtoto siku moja, daktari amwambie mbele ya mtoto. Nimeona wanaume wagumu wakiyeyuka kwenye kile kiti.

#9 Kijana wa Urambo

Nasoma huu uzi kwa kizunguzungu. Ada yangu kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo imelipwa na tumbaku. Baba ni mkulima, chama cha msingi wanamjua kwa jina. Hajawahi kuvuta sigara ya dukani hata moja.

Mnaoijua sigara mnaijua ikiwa imevaa karatasi nyeupe. Sisi tunaijua ikiwa jani. Asubuhi lina umande, unachuma unakumbatia kifuani, mikono inashika gundi nyeusi haitoki kwa sabuni, unaitoa kwa mchanga. Saa nne unaanza kutapika, kichwa kinazunguka. Tulikuwa tunaambiwa ni njaa. Chuoni ndipo nikasoma kwamba nikotini inapita kwenye ngozi, hasa jani likiwa limelowa. Yaani nilikuwa nimevuta kabla sijaota meno ya pili.

Halafu bani, banda la kukaushia tumbaku. Kukausha ni karibu wiki nzima moto usizime, mchana na usiku, na kuni ni miti ya msitu. Nilikuwa nalala mlangoni mwa bani kuchochea. Ukisinzia moto ukashuka, daraja la tumbaku linashuka sokoni, na kiboko kinapanda.

Nilianza kuvuta chuoni. Najiuliza kwa nini, mtu aliyetapika jani lile. Nadhani ilikuwa inanukia nyumbani.

#10 Pafu la Mwisho

@Kijana wa Urambo dah. Ulishaacha?

#11 Kijana wa Urambo

Bado. Kumi kwa siku. Nikipiga simu nyumbani kuuliza soko la mwaka huu likoje, naomba bei ipande. Hapo nipo upande gani?

#12 Changamwe Original

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Mimi nakata Mombasa–Malaba, nanyi mwaita utingo sisi twaita tanboi, mambo ni yayo kwa yayo. Mizani ya Mariakani ndiyo Vigwaza yangu.

Shida yangu mimi si chai wala kona, ni muguka, yale majani ya kutafuna. Usiku bila muguka siendeshi, na muguka bila fegi hauliki, ni mume na mke hao. Nilijaribu kuacha fegi nikabakisha muguka. Nikaishia Voi. Mafundi wa hili jambo mwasemaje, niache kipi kwanza?

#13 Mwana wa Kitonga

Kaka wa Changamwe, hilo swali ni zito na mimi si mtaalamu. Ninachojua ni cha usingizi. Sigara ilikuwa inanidanganya kwamba inaniamsha. Iliniamsha dakika kumi, halafu inanidai nyingine. Nilipoacha nililazimika kukubali kwamba nikichoka nimechoka. Sasa nikifika Igawa macho yakiuma napaki, nalala saa mbili, naamka naendelea. Nimegombana na bosi mara moja kuhusu muda. Nikamwambia achague gari lichelewe au lilale kwenye mtaro. Hajanirudia tena. Nadhani kwako fegi haitaondoka kama safari za usiku zimebaki vilevile.

Na usicheke ukisikia haya: hata nilipokuwa mvutaji, nikiwa nimepakia salfa ya kwenda Congo nilikuwa sivutii kwenye gari hata kidogo, inashika moto vibaya. Safari za salfa nilikuwa nakwenda saa tano bila sigara, sifi. Miaka yote hiyo nilikuwa nayo hiyo dalili mbele yangu, sikuisoma.

#14 Mzee wa Chumbageni

Wanangu, asalaam aleikum. Si kawaida yangu kuandika, mjukuu ananiandikia.

Nilivuta miaka 41. Kila Ramadhani nilikuwa nashinda saa kumi na tatu na kitu bila moshi, na sikufa. Adhana ya magharibi ikilia, wenzangu mkono kwenye tende, mimi natokea uani na kiberiti. Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, akisema: "Wewe hufungui saumu, unaiunguza."

Mwaka nilipofikisha 60 nikajiuliza: hizi kumi na tatu naziweza, zile kumi na moja zilizobaki zina nini? Nikaanza kuisogeza. Siku za kwanza baada ya futari. Kisha baada ya isha. Kisha baada ya tarawehe. Usiku mmoja nikatoka tarawehe miguu imechoka, nikajilaza kidogo, nikaamshwa na daku. Nikala, nikanuia, nikajikuta siku nzima imepita na usiku wake. Idi ikanikuta nina siku 12.

Idi ndiyo vita, nawaambieni. Mfungo umetoka, kila mtu anakukaribisha. Nilikaa kwa dada yangu Pangani siku tatu, yeye hataki hata ubani mwingi nyumbani kwake.

Yule binti muuguzi amesema wa miaka 60 hurudishiwa kama mitatu. Mimi sasa nina 74. Sijui za juu yake anadaiwa nani.

#15 Nesi Mkunazi

Shikamoo mzee. Hizo za juu ni zako, hazidaiwi. 😂

#16 Mzee wa Chumbageni

Marahaba binti.

#17 Kibatari

Narudi. @Mwana wa Kitonga swali la ukweli. Miezi 14 hujagusa hata pafu? Maana waachaji wa mtandaoni nawajua.

#18 Mwana wa Kitonga

Nimegusa. Mwezi wa nne tangu niache, binamu yangu alifariki, tumekaa msibani Mbeya usiku, moto unawaka, wazee wanasimulia. Mtu akanipa, nikapokea kama unavyopokea kahawa. Nikavuta pafu tatu. Ya tatu kichwa kikazunguka, mate yakajaa, nikaitia kwenye moto. Asubuhi nikamtumia mke wangu ile 5,000 kama kawaida, na ujumbe: jana nimevuta.

#19 Kibatari

Kwa hiyo si miezi 14. Ni kumi. Hesabu inaanza upya. Au unatuuzia uzi?

#20 Mwana wa Kitonga

Mkuu, gari likipata pancha Mikumi unarudi kuanzia Dar?

#21 Nesi Mkunazi

Kliniki tunawaambia hivi: pafu tatu si kurudi. Kurudi ni kile unachojiambia asubuhi yake, "nimeshaharibu, basi ninunue pakiti". Wengi wanazama hapo. Ila Kibatari naye ana hoja moja, nisimnyime: mtu asizoee kujihesabia pancha kila wiki.

#22 Kibatari

Angalau nimepata hoja moja. Na sigara laiti je? Nilihamia huko mwaka jana, naambiwa ni nafuu.

#23 Nesi Mkunazi

Nafuu ipo kwenye jina. Kichungi kimetobolewa vitundu vidogo ili hewa ichanganyike mashine inapoipima. Wewe si mashine: vidole vinaziba vitundu, unavuta kwa nguvu, unavuta nyingi. Ubongo unadai kiasi chake kilekile. Na kabla hujauliza shisha, yale maji hayachuji sumu. Kikao kimoja cha saa nzima unavuta moshi mwingi kuliko wa sigara nyingi sana, na kaboni monoksaidi ya mkaa juu yake. Serikali ilipoipiga marufuku 2016 watu walisema wanaonewa starehe.

#24 Mama Wawili

Narudi kwa jambo dogo. Jana nilimuuliza anavuta wapi na wapi, kama mlivyosema, bila neno jingine. Kwanza akaniangalia kama nimetumwa. Halafu akaanza: ya kuamka, ya kusubiri bodaboda, ya kazini baada ya chai, ya kufungua geti jioni... Alipofika ya nane akanyamaza, akasema, "Hiyo ya geti sijui ya nini." Sikujibu. Leo jioni amefungua geti akaingia moja kwa moja. Sijamsifia, naogopa kuharibu.

#25 Mwana wa Kitonga

Dada, endelea kunyamaza hivyohivyo. Foleni imesogea magari manne, nitarudi.

#26 Pafu la Mwisho

Mkuu upo? Leo siku ya tatu kwangu, nilianza juzi baada ya kusoma huu uzi, sikutangaza. Nipo dukani kwa Mangi, nimeshika mia mbili. Nimeshaomba, anatafuta pakiti iliyofunguliwa. Natetemeka ndugu yangu. Niambie kitu haraka.

#27 Mwana wa Kitonga

Nipo. Mwambie umebadilisha, akupe bigijii. Sema sasa hivi kabla hajageuka.

#28 Mwana wa Kitonga

Mkuu?

#29 Nesi Mkunazi

Hamu ya namna hiyo haikai sana, dakika tano hivi inalegea yenyewe hata usipoilisha. Toka hapo dukani, tembea mpaka mwisho wa mtaa, kunywa maji.

#30 Pafu la Mwisho

Nimesema. Kacheka, kaniambia "leo umekuwa mtoto?" Kanipa bigijii nne. Nimeweka mbili mdomoni kwa pamoja, taya zinauma.

#31 Mwana wa Kitonga

Unatembea?

#32 Pafu la Mwisho

Natembea. Nimefika msikitini, nageuza. Njia ya nyumbani inapita tena kwa Mangi.

#33 Mwana wa Kitonga

Hakuna njia nyingine?

#34 Pafu la Mwisho

Ipo ya kwa fundi viatu. Ndefu, ina matope.

#35 Mwana wa Kitonga

Pita huko.